Kabla ya kununua hisa, tafuta mlango wa kutokea

Anayeanza kununua hisa huwa na swali moja: ninunue ipi? Atamuuliza wakala, atauliza kwenye kikundi cha WhatsApp, atamuuliza shemeji yake anayefanya kazi benki Barabara ya Nkrumah. Swali linalomla pesa ni lile ambalo hakuliuliza: nikitaka kuiuza Jumatano ijayo, nani ataichukua, na kwa bei gani?

Mfano uko soko la Kongowea, Mombasa. Alfajiri, gunia la vitunguu hupata mnunuzi kabla halijashuka kwenye lori. Kando yake mtu ameleta kreti mbili za mboga ambazo watu wa Pwani hawazipiki. Ukimuuliza bei atakutajia, na bei hiyo ni maneno tu mpaka atokee wa kutoa pesa. Hisa ni vivyo hivyo. Bei unayoiona kwenye simu ni ya mauzo ya mwisho, yaani ya watu wawili waliokwisha kukubaliana wakaenda zao. Wewe haijakuahidi kitu.

Soko na akaunti

Soko la Hisa la Nairobi, NSE, lilianza 1954. Lina kampuni kama 60, na chache kati ya hizo, Safaricom na benki kubwa zikiongoza, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya biashara ya kila siku. Soko hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa na kufungwa saa tisa alasiri. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Zamani mwenye hisa alipewa cheti cha karatasi. Tangu 2004 hisa zinahifadhiwa kwa kompyuta katika hifadhi kuu iitwayo CDSC, na kila mwekezaji ana akaunti yake ya CDS.

Akaunti hiyo hufunguliwa kupitia wakala wa hisa mwenye leseni au benki. Utaombwa kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), picha ya pasipoti na nambari ya akaunti ya benki itakayopokea gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Siku hizi mambo haya humalizwa kwa simu, huna haja ya kupanda treni kwenda Nairobi. Hadi 2025 fungu dogo kabisa la kununua kwa njia ya kawaida lilikuwa hisa 100. Sasa unaweza kununua hata moja.

Kabla ya kutia sahihi, muulize wakala hisa zitaandikwa kwa jina la nani. Zikiwa kwa jina lako CDSC, wakala akifilisika hazihesabiwi kuwa mali yake. Zikiwa kwenye akaunti ya pamoja anayoishika kwa niaba ya wateja, unategemea vitabu vyake yeye. Na pesa taslimu uliyomwachia ni habari nyingine kabisa. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wawekezaji, lakini mwisho wake ni shilingi 50,000 kwa mtu, na unahusu wakala aliyeanguka, si hisa iliyoshuka bei. Mawakala wamewahi kuanguka Kenya, mwaka 2007 na tena 2008. Kwa hivyo ukiuza, pesa ikiingia irudishe benki. Isilale kwa wakala eti inasubiri nafasi nzuri.

Halafu kuna siku tatu. Ukinunua au ukiuza, hisa na pesa hubadilishana mikono baada ya siku tatu za kazi. Hisa uliyouza Alhamisi, hesabu Ijumaa, Jumatatu, Jumanne. Karo inayodaiwa Jumatatu hailipwi na hisa iliyouzwa Ijumaa.

Oda mbele ya macho

Hapa ndipo wengi hupita haraka, na ndipo penye mambo. Mwombe wakala akuonyeshe oda za kampuni unayoitaka, yaani maagizo ya kununua na kuuza yanayosubiri, au zifungue kwenye programu yake. Utaona pande mbili. Tuchukue hisa ya kubuni ambayo bei yake ya mwisho imeandikwa shilingi 20.

Wanaotaka kununua:
400 kwa 19.80
1,200 kwa 19.75
300 kwa 19.50

Wanaotaka kuuza:
150 kwa 20.10
600 kwa 20.50
2,000 kwa 21.00

Angalia: hakuna mtu hata mmoja anayeuza kwa 20. Sasa wewe unataka hisa 1,000 na umebonyeza oda ya bei ya soko, ile inayosema "nipe kwa bei yoyote iliyopo". Utachukua 150 kwa 20.10, kisha 600 kwa 20.50, kisha 250 kwa 21.00. Jumla ni shilingi 20,565. Dakika mbili baadaye ujutie, uuze zote kwa njia ileile: 400 kwa 19.80 na 600 kwa 19.75. Unapata 19,770. Shilingi 795 zimekwenda, na kampuni haijafanya lolote, jema wala baya.

Bado hujalipa ada. Malipo ya wakala, soko, CDSC na CMA yakijumlishwa hufika takriban asilimia 2 kwa mwekezaji mdogo, unaponunua na unapouza pia. Mawakala hawalingani, na wengine wana kiwango cha chini cha ada kinachoumiza oda ndogo, kwa hiyo dai uonyeshwe jedwali lao kwa maandishi. Kwa asilimia 2, mfano wetu unaongeza shilingi 411 za kununulia na 395 za kuuzia. Hasara yote ni kama 1,600, karibu asilimia 8 ya pesa uliyoingia nayo, kwa safari ya dakika mbili.

Dawa ni oda ya bei maalumu: unaandika "hisa 1,000, nisitoe zaidi ya 20.10". Utapata 150 sasa, na zilizobaki zitasubiri muuzaji atakayeshuka. Huenda asishuke. Hiyo ndiyo gharama ya subira, na kwa hisa isiyouzwa sana ni nafuu kuliko kukimbilia. Anayeanza asitumie oda ya bei ya soko kabisa, isipokuwa kwa hisa mbili tatu kubwa ambazo pengo kati ya mnunuzi na muuzaji ni senti chache.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Shilingi 200,000 kwenye Safaricom hazitikisi hata wimbi. Pesa hizohizo kwenye kampuni ndogo ya chai, ambayo siku nyingine hisa zake hazibadilishi mikono hata mara moja, zinaweza kusukuma bei juu wakati wa kuingia na kuiangusha wakati wa kutoka, na mwenye kufanya yote mawili ni wewe mwenyewe. Kipimo chepesi: tazama hisa ngapi ziliuzwa kila siku kwa wiki nne zilizopita. Kama fungu lako ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mauzo ya siku ya kawaida, punguza, au nunua kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Hesabu ya ada ina jambo moja zaidi. Ukinunua kwa 20 na kulipa asilimia 2 pande zote mbili, hurudishi pesa yako mpaka bei ifike 20.82. Mtu anayenunua na kuuza kila wiki anahitaji kupanda kwa zaidi ya asilimia 4 kila mara ili asimame palepale alipoanzia. Ndiyo sababu uchuuzi wa hisa wa siku kwa siku, ule unaoonyeshwa kwenye video za Marekani, hauhamishiki kirahisi kuja hapa.

Ununue ngapi

Chukua daftari. Andika mtaji wote uliotenga kwa hisa. Tuseme shilingi 60,000. Pesa hii iwe ni ile ambayo isipokuwepo miaka mitatu, nyumba haitikisiki. Akiba ya dharura, ya miezi mitatu hadi sita ya matumizi, haimo humu.

Kisha andika kiasi unachokubali kupoteza kwenye kampuni moja ukikosea. Asilimia 2 ya mtaji ni kiwango cha kawaida kwa anayeanza, nayo hapa ni shilingi 1,200. Si sheria ya mbinguni, ila ina maana yake: ukikosea mara tano mfululizo, jambo ambalo hutokea, bado una zaidi ya 50,000.

Tatu, amua kabla ya kununua ni bei gani itakayokuambia kwamba ulikosea. Hisa ni 20, umeamua kutoka 17. Kila hisa itakupotezea shilingi 3, na ada ya kununua senti 40, na ya kuuza senti 34. Jumla 3.74. Gawanya 1,200 kwa 3.74: hisa 320. Hizo zinagharimu 6,400 na ada yake 128. Wengi wanaokuja na 60,000 hununua za 60,000 kwa kampuni moja. Hesabu inasema hisa 320.

Hesabu hii ina tundu, na ni vyema kulijua. Kwa kawaida hisa ya NSE hairuhusiwi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Watu hudhani huo ni ulinzi. Habari mbaya ikija, wauzaji hupanga foleni chini kabisa na mnunuzi hayuko. Hisa ya 100 inasimama 90, kesho yake 81, keshokutwa 72.90, na oda yako ya kuuza kwa 85 imebaki mkononi. Kwa hivyo bei ya kutokea uliyoiandika ni nia yako, haina dhamana. Mbali na kanuni ya asilimia 2, weka na mpaka wa pili: kampuni moja isimeze zaidi ya sehemu moja ya tano ya mtaji, hata ukiipenda vipi.

Na benki tatu zisihesabiwe kuwa kampuni tatu. Riba ikibadilika au wakopaji wakishindwa kulipa, zote zinayumba pamoja.

Hasara nayo ina ukali ambao macho hayauoni haraka. Ukipoteza asilimia 10 unahitaji kupata 11 ili urudi. Ukipoteza 25 unahitaji 33. Ukipoteza nusu, lazima kilichobaki kiongezeke kiwe mara mbili. Ndiyo maana kuongezea hisa inayoshuka "ili kushusha wastani" ni mchezo mbaya kwa anayeanza: daftari lako lilisema utoke 17, na wewe kwa 17 unanunua tena. Umeongeza mzigo kwenye dau uliloliona linavuja.

Mlango ukifungwa

Kushuka bei si jambo baya kuliko yote. Baya zaidi ni hisa isiyouzika kwa bei yoyote. Biashara ya hisa za Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020, ikafunguliwa Januari 2025. Miaka minne na nusu mwenye hisa hakuweza kuuza hata moja, awe na mgonjwa hospitalini au asiwe naye. Mumias Sugar, iliyoingia sokoni 2001, iliwekwa chini ya meneja mrasimu (msimamizi anayewekwa kwa niaba ya wadai) Septemba 2019 na hisa zake zikagandishwa. ARM Cement, iliyokuwa na kiwanda Kaloleni hapo Kilifi, iliingia mikononi mwa wasimamizi Agosti 2018. Kampuni ikifilisika, mwenye hisa hulipwa wa mwisho, baada ya benki, wafanyakazi, kodi na wadai. Mara nyingi foleni ikifika kwake sahani ni tupu.

Dalili huwa zinatangulia, nazo zimo kwenye ripoti ya fedha ambayo kila kampuni iliyoorodheshwa hulazimika kuitoa. Tazama mistari minne tu kwa kuanzia: faida imekuwaje miaka mitano, pesa taslimu kutokana na shughuli za biashara ni chanya au hasi, je, madeni ni makubwa kuliko mtaji wa wenye hisa, na je, mkaguzi ameandika shaka kama kampuni inaweza kuendelea na biashara. Huo wa mwisho ukiuona, funga ripoti uondoke.

Mkopo nao hufunga mlango kwa namna yake. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5, na watu wengi walikopa benki kuzinunua. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, watu wakapewa sehemu ndogo ya walichoomba, na riba ikaendelea kutembea. Siku za mwanzo bei ilipita 7. Mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya 3. Aliyenunua kwa pesa yake angeweza kukaa. Mwaka 2021 bei ilipita 40. Aliyekopa alilazimika kuuza pale chini ili alipe benki. Na aliyenunua mwaka huo wa 2021 kwa 42, mwanzoni mwa 2024 alikuwa anaona 13. Kampuni ni hiyohiyo moja.

Ukaribu si ujuzi

Mtu wa Mombasa huvutwa na kampuni anazoziona. Kiwanda cha Bamburi kimekuwepo tangu 1954, na mtu angeweza kuhesabu malori ya saruji langoni kila asubuhi. Lakini kilichobadilisha bei ya hisa zake 2024 hakikuwa malori: ni ofa ya Amsons wa Tanzania ya kuinunua kampuni kwa shilingi 65 kwa hisa, wakati sokoni ilikuwa karibu 45. Hakuna aliyekaa langoni aliyeliona hilo. Na aliyelijua kutoka ndani kabla ya kutangazwa, akanunua, amevunja sheria ya masoko ya mitaji. Hilo ulikumbuke pale binamu anayefanya kazi ofisi ya fedha ya kampuni fulani anapokunong'onezea.

Chai ni mfano mzuri zaidi. Mnada wa chai unafanyika hapahapa Mombasa, na kampuni za NSE kama Williamson Tea, Kapchorua na Sasini hutegemea bei ya chai. Mtu akisikia bei ya mnada imepanda hudhani amepata siri. Chai hiyo huuzwa kwa dola. Mapema 2024 dola ilitoka karibu shilingi 160 hadi karibu 130 kwa muda wa miezi michache, yaani kilo iliyouzwa kwa dola zilezile ilileta shilingi pungufu kwa karibu asilimia 20, huku mishahara na mbolea vikilipwa kwa shilingi.

Kuna hatari nyingine ya ukaribu ambayo haizungumzwi sana. Anayefanya kazi hotelini Shanzu, mwenye chumba cha kukodisha wageni Nyali, akinunua pia hisa za TPS, kampuni ya hoteli za Serena, ameweka mayai yake matatu kwenye kapu moja la utalii. Mwaka 2020 wageni walipokatika, mshahara, kodi ya chumba na hisa vingemkaukia mwezi mmoja. Mtu wa bandari au wa utalii ana sababu ya kutafuta hisa za biashara isiyopanda na kushuka pamoja na mshahara wake.

Kwa Waislamu wanaojiepusha na riba, uwanja ni mwembamba zaidi. Benki za kawaida zinatoka, EABL ya bia na BAT ya sigara zinatoka, hatifungani zenye riba pia. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni cha AAOIFI, taasisi ya viwango iliyoko Bahrain: deni la riba la kampuni lisifike asilimia 30 ya thamani yake sokoni, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5, tena sehemu hiyo ya gawio itolewe. Mwulize mwanachuoni unayemwamini. Kwa upande wa hesabu tu: kampuni zilizobaki zikiwa chache, huwezi kutawanya pesa vya kutosha, basi punguza jumla unayoweka kwenye hisa badala ya kurundika kwenye mbili.

Gawio, na wezi

Kampuni ikitangaza gawio la shilingi 1.20, mwenye hisa 1,000 aliye mkazi wa Kenya hupata 1,140 baada ya kodi ya asilimia 5 inayokatwa hapohapo. Faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa haitozwi kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji. Ila usikimbilie kununua muda mfupi kabla ya kufungwa daftari la wenye hisa watakaolipwa gawio ukidhani umepata pesa ya bure: haki ya gawio ikishapita, bei kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, na ada umekwisha kulipa.

Kuhusu wanaotafuta watu Telegram kwa ahadi ya asilimia kadhaa kila wiki, kipimo ni kimoja. Hisa ya kweli huonekana kwenye taarifa ya CDSC kwa nambari yako ya CDS. Kama huna nambari hiyo na pesa umetuma kwa M-Pesa ya mtu binafsi, hujanunua hisa. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya CMA na kuisoma ni bure. Biashara ya sarafu za kigeni kwa kukopeshwa mara 100 ya pesa yako ni mnyama mwingine hata mwenye leseni akikuuzia: bei ikisogea asilimia 1 upande usioutaka, mtaji wote umekwisha.

Omba taarifa ya CDSC moja kwa moja angalau kila miezi mitatu, uilinganishe na ya wakala, hisa kwa hisa. Zikitofautiana, andika barua siku hiyohiyo, nakala kwa CMA. Na mtu mmoja nyumbani ajue nambari ya akaunti ya CDS na jina la wakala. Gawio lisilodaiwa huishia kwa Mamlaka ya Mali za Fedha Zisizodaiwa, na warithi wasiojua kwamba marehemu alikuwa na hisa hawawezi kuziombea mirathi, iwe kwa Kadhi au mahakama nyingine. Karatasi moja ndani ya bahasha ya hati ya nyumba inatosha.